Safari ya Chuo cha Uuguzi Huanza Kidato cha Pili



Kila mwaka inapofika miezi ya Mei na Juni, ofisi yetu ya miradi hupokea barua na wageni kutoka sharika za Mbulu na Hanang wakiwa na ombi moja. Usharika una kijana aliyemaliza kidato cha nne, anapenda kuwa muuguzi, nao wanaomba tuwaeleze mtihani wa kuingia chuoni unafanyika lini na maandalizi yake ni yapi. Wapo pia wafadhili wanaouliza fedha zao zingefaa zaidi wapi: ada ya chuo, vitabu, au kambi za masomo. Katika toleo hili tumeona tujibu maswali hayo kwa pamoja, kwa sababu jibu lake linagusa kazi ya kila kamati, na kwa sababu vijana wengi hufungiwa mlango miaka miwili kabla ya wao wenyewe kujua.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Hospitali ya Kilutheri Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 chini ya misheni ya Kilutheri ya Norwe, na mwaka 1984 ikaanzishwa shule ya uuguzi pembeni yake. Shule hiyo leo inajulikana kama Taasisi ya Sayansi za Afya Haydom. Kwa hiyo watu wa wilaya zetu wamezoea kuona wanafunzi wa uuguzi wakipita na sare zao. Hata hivyo kuwa na chuo jirani si sawa na kuwa na watoto wetu ndani yake. Chuo hupokea waombaji kutoka nchi nzima, na anayeingia ni yule mwenye sifa, awe ametoka Dongobesh au Dar es Salaam.

Mahitaji nayo yameongezeka. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Wananchi walichangia mchanga, mawe na nguvu zao, majengo yakasimama. Lakini jengo halizalishi mama wala halichomi sindano. Muuguzi aliyepangwa kutoka mbali akifika Yaeda Chini au Basotu, akakuta hakuna ndugu, barabara ni ya vumbi na wagonjwa wanazungumza Kiiraqw au Kidatoga tu, mara nyingi huanza kuandika barua ya uhamisho. Shirika la Afya Duniani liliona jambo hilo katika nchi nyingi. Katika mapendekezo yake ya mwaka 2010, yaliyofanyiwa marekebisho mwaka 2021, lilishauri vyuo vichukue wanafunzi waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi vijijini.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuikumba Katesh na vijiji vya jirani, misaada ilikuja kutoka kila upande wa nchi. Hata hivyo katika janga lolote saa za kwanza huwa ni za watu walio karibu. Mama mjamzito anayeanza uchungu usiku naye hawezi kusubiri mtaalamu kutoka mkoa mwingine. Ndiyo maana tunasema kuandaa wauguzi kutoka vijiji vyetu ni huduma ya afya yenyewe.

MTIHANI WA KUINGIA NI UPI?

Jibu fupi ni hili: Tanzania Bara hakuna mtihani mmoja wa taifa wa kuingia vyuo vya uuguzi. Mtihani unaofungua au kufunga mlango ni ule wa kumaliza kidato cha nne, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Taifa, NECTA, na kufanyika kila mwaka mwezi Novemba. Jirani zetu wa Kenya nao hutumia matokeo ya mtihani wao wa sekondari, KCSE, kuchagua wanafunzi wa vyuo vya uuguzi. Kijana anayesubiri kumaliza shule ndipo aanze kujiandaa kwa mtihani wa uuguzi, mtihani wenyewe ameshaufanya.

Miaka ya nyuma walikuwepo wahudumu na wauguzi wa ngazi za chini waliochukuliwa wakiwa na elimu ya darasa la saba. Wengi wao wametuhudumia vizuri, nasi tunawaheshimu. Lakini njia hiyo imefungwa. Sifa za msingi za kuingia stashahada ya uuguzi na ukunga ni cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Ufaulu ni kuanzia alama D, yaani maksi 30 na kuendelea. Kufaulu Hisabati na Kiingereza kunamwongezea mwombaji nafasi.

Tuombe kamati zisome tena maneno haya: "yasiyo ya dini". Katika shule zetu wapo wanafunzi wanaofanya vizuri Maarifa ya Biblia, na tunafurahi. Lakini alama hiyo haihesabiwi katika yale masomo manne. Mzazi asidhani kwamba A ya Biblia itafidia F ya Fizikia.

Mafunzo yenyewe huchukua miaka mitatu, yakipanda ngazi ya nne, ya tano na ya sita za tuzo za ufundi. Anayemaliza ngazi ya sita hupata stashahada. Baada ya hapo bado kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwani kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 hakuna anayeruhusiwa kuuguza bila kusajiliwa na kuwa na leseni.

MABINTI WAWILI, MLANGO MMOJA

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue mfano wa mabinti wawili tuliowatunga kwa ajili ya kuelekeza.

Binti wa kwanza ana Kiswahili B, Historia B, Uraia B, Jiografia C, Kiingereza C, Biolojia C na Kemia D. Hisabati alipata F. Fizikia aliiacha alipoingia kidato cha tatu kwa sababu shule haikuwa na mwalimu. Tukihesabu pointi za masomo saba bora, yaani A pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, tunapata pointi 19. Hiyo ni daraja la pili. Kijijini watachinja mbuzi.

Binti wa pili ana Kiswahili C, Biolojia C, kisha Kemia D, Fizikia D, Uraia D, Jiografia D na Kiingereza D. Jumla ni pointi 26, daraja la nne. Nyumbani kwao watasikitika, na huenda baba akasema ni heri arudi kuchunga.

Sasa waombe wote wawili chuo cha uuguzi. Yule wa daraja la pili hana sifa, kwa sababu hana Fizikia. Yule wa daraja la nne anazo sifa zote za msingi. Hatusemi kwamba daraja la nne linatosha kumhakikishia nafasi, maana waombaji ni wengi na wenye alama za juu hutangulia. Tunachosema ni kwamba mmoja anaruhusiwa kugonga mlango na mwingine haruhusiwi, na tofauti yao ilianza siku binti wa kwanza alipoacha somo moja.

Ndiyo sababu ya kichwa cha habari cha makala hii. Kwa utaratibu ambao shule nyingi zimeufuata kwa miaka mingi, mwanafunzi husoma sayansi zote hadi Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, kisha anapoingia kidato cha tatu huchagua kuendelea na Fizikia na Kemia au kuziacha. Mitaala mipya, iliyotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la mwaka 2023, imeanza kutumika kwa awamu, na ndani yake kuna mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Mzazi wa mtoto aliye katika mitaala hiyo amwulize mkuu wa shule swali moja tu: je, mkondo na masomo aliyopangiwa mwanangu yatamwachia Biolojia, Kemia na Fizikia zote tatu hadi kidato cha nne?

KWA NINI SAYANSI NA HESABU?

Baadhi ya wazee huuliza kwa nini binti mwenye huruma na mikono mizuri azuiwe kwa ajili ya Fizikia. Ni swali la haki. Hebu tutazame kazi ya siku moja wodini.

Mtoto ameandikiwa dawa ya maji miligramu 125. Chupa imeandikwa miligramu 250 katika mililita 5. Muuguzi anatakiwa kujua mara moja kwamba atampa mililita 2.5. Akigeuza hesabu juu chini atampa mililita 10, ambayo ni dozi mara nne.

Mgonjwa mwingine ameandikiwa dripu ya mililita 1000 kwa saa 8, na mrija uliopo unatoa matone 20 kwa kila mililita. Matone yote ni 20,000, dakika zote ni 480, kwa hiyo muuguzi ataweka dripu iende takriban matone 42 kwa dakika. Hakuna mashine ya kumfanyia hesabu hiyo zahanati ya kijijini.

Anataka kutakasa vifaa kwa maji ya klorini ya asilimia 0.5, na Jik aliyonayo ni ya asilimia 3.5. Anagawanya 3.5 kwa 0.5, anapata 7, anatoa 1, zinabaki 6. Basi ni sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji. Hiyo ni Kemia. Kipimo cha shinikizo la damu ni Fizikia. Kujua kwa nini mtoto mwenye kuhara hupewa maji yenye chumvi na sukari ni Biolojia. Huruma inahitajika sana katika kazi hii, lakini peke yake haimwambii muuguzi aweke matone mangapi.

VIKWAZO VYA WILAYA ZETU

Tukitembelea shule za sekondari za Mbulu na Hanang tunakuta matatizo yanayofanana.

La kwanza ni lugha. Mtoto wetu wa kawaida huzungumza Kiiraqw au Kidatoga nyumbani, hujifunza kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza katika karibu kila somo. Wengi wanaoshindwa Biolojia hawakushindwa kuelewa moyo unavyosukuma damu. Walishindwa kuelewa swali lilitaka waeleze, wataje au walinganishe.

La pili ni maabara. Shule za kata ziliongezeka sana kuanzia mwaka 2004 chini ya mpango wa MMES, na mwaka 2014 ikaja kampeni kubwa ya kujenga vyumba vya maabara. Vyumba vingi vilijengwa kwa michango ya wananchi. Lakini chumba bila kemikali, mizani na mwalimu ni darasa tu lenye meza ndefu. Masomo yote matatu ya sayansi yana karatasi ya vitendo katika mtihani wa kidato cha nne. Mwanafunzi ambaye hajawahi kudondosha asidi kwenye besi tone kwa tone hadi rangi ibadilike, hawezi kuanza kujifunza siku ya mtihani.

La tatu ni umbali na kazi za nyumbani. Elimu ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne haina ada katika shule za serikali tangu mwaka 2016. Lakini mtoto anayetembea saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, kisha akachote maji au akamue ng'ombe, hufungua daftari usiku akiwa amechoka. Katika familia za wafugaji wa Hanang, ukame ukija mifugo huhamishwa na kijana huhama nayo.

La nne linawahusu mabinti. Wapo waliokatishwa masomo kwa ndoa au ujauzito. Kamati zifahamu kwamba Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unamruhusu binti aliyejifungua kurudi shule. Tunajua baadhi ya sharika bado zinaona aibu kumsindikiza binti kama huyo kwa mkuu wa shule. Aibu hiyo haijengi. Mama kijana aliyepitia uzazi mgumu anaweza kuwa mkunga mwenye kuelewa kuliko wengi.

NAMNA YA KUJIANDAA

Ushauri tunaoutoa kwa wanafunzi katika kambi za masomo ni huu:

1. Usiache Fizikia wala Kemia. Hata kama shule haina mwalimu wa kudumu, D ya Fizikia ni maksi 30 katika 100. Mtu anaweza kuzifikia kwa kushika vizuri mada chache: vipimo, nguvu na mwendo, shinikizo, joto, mwanga na umeme wa kawaida.

2. Tumia mitihani iliyopita. Chukua maswali ya miaka mitano, yapange kwa mada, uone mada zinazorudi. Fanya swali kwa kuandika, ndani ya muda, bila kutazama majibu. Kusoma majibu ya mwenzako si mazoezi.

3. Soma taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hutolewa bure kwa kila somo, na zinaonyesha swali, jibu zuri la mwanafunzi mmoja na jibu baya la mwingine, pamoja na maelezo ya kwa nini wengi walikosa. Ni hazina ambayo shule nyingi za vijijini haziifahamu. Ofisi moja yenye intaneti na printa inaweza kutoa nakala zikatumiwa na sharika kadhaa.

4. Tengeneza daftari la maneno. Kila siku maneno matano ya Kiingereza ya sayansi, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi moja. Baada ya miaka miwili ni maneno zaidi ya elfu tatu. Anza na maneno ya maswali yenyewe.

5. Jifunze vitendo kwa vilivyopo. Uzi na jiwe vinatosha kupima muda wa bembea. Majani, mbegu za maharage na panzi vipo shambani kwa ajili ya kuainisha viumbe. Yasiyowezekana nyumbani, hasa ya Kemia, tuombe kwa shule yenye maabara kamili wakati wa likizo.

6. Msome kwa vikundi vya watu wanne au watano, kila mmoja akifundisha mada moja. Anayefundisha ndiye anayebaki nayo.

ALIYEKOSA SOMO MOJA AFANYE NINI?

Matokeo hutoka kwa kawaida mwezi Januari. Aliyefaulu Biolojia na Kemia akakosa Fizikia asikate tamaa, na asikimbilie kulipa ada ya kozi yoyote atakayoambiwa inafanana na uuguzi. Anaweza kujisajili NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia mtihani mwezi Novemba. Usajili hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, na anayechelewa hulipa zaidi. Kijana anayelia Januari na kufarijiwa hadi Aprili anakuwa amepoteza mwaka. Mzee wa mtaa anayemjua amshike mkono wiki ile ile ya matokeo.

Yule ambaye hakusoma sekondari rasmi hupitia kwanza Mtihani wa Maarifa, QT, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni njia ndefu na kwa sayansi ni ngumu, lakini ipo.

MAOMBI, VYETI NA MATAPELI

Maombi ya vyuo vya afya hupitia mfumo wa pamoja wa udahili unaosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Mwombaji hutumia namba yake ya mtihani, huchagua vyuo, na kusubiri majibu. Kila mwaka baraza hilo hutoa mwongozo wa udahili unaotaja vyuo vilivyosajiliwa, sifa za kila kozi, nafasi na ada. Mwongozo huo wa mwaka husika ndio neno la mwisho, na sifa tulizozitaja hapa zilinganishwe nao kabla ya kuomba.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, majina. Mtoto huitwa jina la ubatizo kanisani, jina la ukoo nyumbani, na jina lililoandikwa vibaya darasa la saba hubaki hadi cheti cha kidato cha nne. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kikiwa na majina tofauti na cheti cha mtihani, maswali hayaishi. Kadi ya ubatizo haichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Marekebisho yafanyike mtoto akiwa bado shuleni.

Pili, simu. Mfumo hutuma ujumbe kwa namba aliyoandika mwombaji. Anayetumia simu ya mtu wa stendi anaweza kuchaguliwa asijue. Atumie namba ya mzazi, au ya mtu wa ofisi ya usharika atakayeisoma kila siku.

Tatu, matapeli. Kila msimu hutokea mtu anayedai ana nafasi chuoni na kwamba fedha ikitumwa leo jina litaingia kesho. Kamati isitume shilingi kwa mtu binafsi. Ada hulipwa chuoni kwa njia rasmi baada ya kupata barua ya kujiunga, na chuo kisichokuwemo katika mwongozo kisilipwe kitu.

ADA NA MIKOPO

Ada ndiyo mzigo unaoonekana kwa urahisi, na wafadhili wengi huanzia hapo. Tunawashukuru. Hata hivyo tungependa wafahamu pia mikopo. Katika mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kutoa mikopo kwa ngazi ya stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo baadhi ya kozi za afya. Si kila kozi ya afya imo. Familia isiuze ng'ombe wala isiache kuuza kwa kutegemea mkopo kabla ya kusoma orodha ya mwaka huo na kuona kama uuguzi umetajwa.

Kwa upande wa wafadhili, tunatoa ombi lenye sababu. Ada ya mwanafunzi mmoja aliyekwisha kupata nafasi humsaidia huyo mmoja, na tutaendelea kuiomba. Lakini kambi ya masomo ya likizo, yenye mwalimu wa Fizikia, kemikali za kutosha na taa za jua, huwafikia wanafunzi wa shule kadhaa kwa wakati mmoja, kabla mlango haujafungwa. Msaada unaotolewa kidato cha pili haupigwi picha ya mahafali, nasi tunajua picha hizo hupendwa. Matunda yake huonekana baada ya miaka mitano au sita.

Vilevile tunashauri kila mnufaika wa ada asaini makubaliano na usharika wake mbele ya mzazi. Si kumfunga mtu, maana ajira hupangwa na mamlaka zake, bali ni kuweka wazi kwamba amesaidiwa ili ahudumie, na kwamba akipata nafasi ya kuomba kituo aanze na wilaya zetu.

KALENDA YA KAMATI YA USHARIKA

Tunaomba kila kamati ibandike kalenda hii ofisini:

Januari: Pokeeni matokeo. Orodhesheni waliokosa somo moja la sayansi na wapelekeni kujisajili mapema. Waulizeni walioingia kidato cha tatu kama wamebaki na sayansi zote tatu.

Machi na Aprili: Kagueni vyeti vya kuzaliwa na majina ya wanafunzi wa kidato cha pili na cha nne.

Mei hadi Julai: Fuateni tangazo la NACTVET la kufunguliwa kwa udahili. Kaeni na mwombaji wakati anajaza. Likizo ya Juni iwe ya kambi ya vitendo.

Agosti hadi Oktoba: Ongeeni na wazazi wa watahiniwa wapunguziwe kazi za mifugo na shamba. Chumba cha usharika kifunguliwe jioni, taa iwepo, na mtu mzima awepo.

Novemba: Mtihani. Mtahiniwa anayekaa mbali atafutiwe nyumba ya kulala karibu na kituo cha mtihani. Tumeona wanafunzi wakifika wamelowa na wamechelewa kwa sababu mto ulijaa usiku.

Desemba: Wakusanyeni waliomaliza kidato cha pili pamoja na wazazi wao. Hicho ndicho kikao muhimu kuliko vyote katika orodha hii. Mwiteni muuguzi wa zahanati aje na chupa ya dawa na karatasi, awaonyeshe hesabu ya dozi. Kisha mwulizeni kila mtoto atachagua masomo gani.

Kamati ikifanya kikao hicho cha Desemba peke yake, bila hata fedha ya mfadhili, tayari itakuwa imewaokoa mabinti wengi wanaofanana na yule wa kwanza katika mfano wetu. Tunaomba kila usharika utuletee majina ya waliohudhuria kabla ya mwisho wa Januari, ili ofisi ijue kambi ya Juni ipangwe Dongobesh, Haydom au Katesh.